Rangi ya Mafuta kwa Ukuta Mbichi

Mjukuu wangu Chepkemoi amejenga Kimumu. Nyumba ya mawe, vyumba vinne, na sebule ambayo ukimwita mtu aliye upande ule lazima upaze sauti. Nalisema hilo kwanza kwa sababu sioni aibu kujisifu. Mimi niliacha shule darasa la tatu, nikamlea huyo msichana kwa maziwa ya ng'ombe wangu mpaka akawa nesi, na hakuna mwanamume aliyempigilia hata msumari. Mwezi uliopita alinipeleka nikaione. Fundi wake alikuwa amepaka viraka vitatu ukutani, vyote rangi ya krimu, ila kila kimoja na mng'ao wake. Cha kwanza kilikuwa kimekufa kama unga. Cha pili kilikuwa na nuru kidogo, kama uso wa mtu aliyejipaka mafuta asubuhi. Cha tatu kiling'aa kama jicho la ng'ombe. "Gogo, tuchagulie," Chepkemoi akasema, maana kwetu nyanya huitwa gogo. Fundi akaeleza kwamba hiyo iliyokufa inaficha makosa ya ukuta lakini mkono mchafu ukiigusa haitoki, na hiyo ya kung'aa unaiosha kwa sabuni, ila itaonyesha kila kinundu mpaka mwisho wa dunia. Siku nne tu zilikuwa zimepita tangu tumzike wifi yangu Jerotich kule Cheptiret. Nilitazama kile kiraka cha tatu, nikakaa juu ya ndoo ya rangi. Wakadhani ni presha. Wakaniletea chai. Haikuwa presha. Nilikuwa nimekaa tena kwenye chumba kingine, mwaka mwingine, na nilimwambia Chepkemoi apake ile ya katikati, asiniulize kwa nini. Sasa naandika kwa nini, kwa sababu aliyestahili kuambiwa ameshafukiwa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeolewa miezi saba, na tumbo bado tupu. Ya kwetu nilikotoka siyaelezi, hayahusiki. Dunia yangu mwaka ule ilikuwa boma la mama mkwe wangu, na katikati ya boma ilikuwa ile sebule yake: kuta za udongo, mabati juu, viti sita vya mbao vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, kabati la vikombe ambavyo havikunywewa na mtu wa nyumbani, na dirisha moja linalotazama barabara ya Nakuru. Mume wangu Kiprono alikuwa dereva wa lori, akija leo anaondoka kesho. Kwa hiyo tulikuwa wanawake watatu: mama mkwe, Jerotich binti yake, na mimi. Jerotich alikuwa amesoma mpaka kidato cha pili. Mimi nilikuwa na mikono. Hapakuwa na mwanamke pale Cheptiret aliyejua kusiriba ukuta kunishinda. Mavi ya ng'ombe mabichi, majivu yaliyochekechwa, udongo mwekundu kidogo, maji ya kukisia kwa kidole, halafu unasugua kwa kiganja mpaka ukuta unakuwa kama yai. Wanawake walikuwa wanakuja kunitazama. Jerotich pia alikuwa ananitazama, lakini akiwa ameziba pua. Nikipakua ugali, yeye anaunusa kwanza. "Hii ugali iko na harufu ya ukuta," anasema. "Bibi ya Kiprono, ulinawa? Hapana, nauliza tu. Ulinawa hadi wapi?" Na mama mkwe anakula, hasemi kitu. Alikuwa mwanamke wa kunyamaza. Wengine wananyamaza kwa sababu hawana la kusema, yeye alinyamaza kama mtu anayeweka akiba.

Mwaka huo Jerotich alipata mchumba. Kijana aliitwa Philip, mwalimu, mtoto wa walimu, watu wa nyumba ya matofali na redio kubwa. Ujumbe ulikuja kwamba wazee wao watafika kwa koito, ndiyo siku ya kukaa chini na kupatana ng'ombe. Alasiri moja nilikuwa nyuma ya nyumba nasugua sufuria, nikawasikia ndani. Ukuta wa udongo unakunywa mvua, lakini maneno unayapitisha. "Mama, hao watu wote wamesoma," Jerotich alisema. "Philip ana dada yake, mwalimu pia. Huyo ndiye alifaa kaka yangu. Nikishaingia kwao nitamleta mimi mwenyewe." Mama mkwe akauliza, "Na huyu?" Jerotich akacheka. "Huyu abaki wa kukamua na kukandika. Ama arudi kwao, kwani ameacha nini hapa? Hata mtoto hana." Nilingoja mama mkwe anitetee. Nilishika ile sufuria nikangoja. Nilisikia tu kijiti kikisugua ndani ya kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, taratibu, shwa, shwa, mpaka mwisho. Hapo nikaelewa hesabu yangu yote. Koito ikipita, mimi nimekwisha. Nitakuwa kijakazi wa mwalimu katika nyumba yangu mwenyewe, ama nitarudishwa nyumbani kama kuku aliyekataa kutaga.

Sebule ilibidi ipendeze, na Jerotich alikuwa ameshaamua: glosi. Rangi ya mafuta, ya krimu, ile ya kung'aa, kama aliyoiona kwa kina Philip. Akaitwa fundi Njuguna, Mkikuyu aliyekuwa na duka dogo na baiskeli pale senta, mtu mpole, vidole vyote vina rangi za nyumba za watu. Alizunguka sebule, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole kama daktari anayegonga kifua. Akasema, "Glosi ni kioo, dada. Kila kinundu utakiona. Tena ukuta wa udongo unapumua. Ukiuziba mdomo utatoa jasho. Pakeni chokaa, itapendeza." Jerotich akamwambia, "Chokaa ni ya choo cha shule. Wewe unataka wakwe zangu wafikiri wameingia chooni?" Njuguna akacheka, akakubali. "Basi ukuta usiribwe upya, uwe laini kabisa, halafu ukae mwezi mzima. Mwezi, si wiki. Ukuta unakauka ngozi kwanza, nyama inabaki mbichi." Jerotich akanigeukia. "Umesikia? Kesho unaanza. Na siku ya wageni wewe ni wa jikoni. Sitaki wakuone mikono." Kesho yake akaenda Burnt Forest kwa shangazi yake kushonewa nguo, akakaa huko zaidi ya wiki tano.

Mimi sikuanza kesho. Naandika hivi nilivyo, sitajipaka poda. Nilikuwa na mahindi ya kupalilia, ni kweli, lakini si palizi iliyonizuia. Kila asubuhi nilikuwa nachungulia ile sebule nasema, angoje. Nilikuwa nafurahia kumkataa hivyo, bila yeye kujua amekataliwa. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Mama mkwe anapita na mkongojo, anatazama ukuta wa zamani, ananitazama mimi, anaenda zake. Wiki ya nne ikiisha nikapata habari Jerotich anarudi baada ya siku kumi, na hofu ikanishika. Nikasiriba kuta nne kwa siku mbili, safu nene, laini kuliko zote nilizowahi kusiriba maishani, na mwezi wa saba huko kwetu mnaujua: ukungu mpaka saa nne, mvua kila alasiri, nguo hazikauki kwa kamba. Nikaweka jiko la makaa katikati ya sebule, nikafunga dirisha, nikakoka siku tatu mfululizo mpaka ukuta ukabadilika rangi. Ukiutazama, umekauka. Ukibonyeza kwa gumba, unahisi kama nyama ya paja.

Jerotich akarudi na Njuguna siku hiyo hiyo, imebaki siku tatu wageni waje. Debe za glosi ziko mlangoni. Njuguna akagonga ukuta, akasikiliza, akagonga tena. Akanijia. Alikuwa mtu wa kwanza katika boma lile kuniita Mama, na mimi sina mtoto. "Mama," alisema, "huu ukuta ulisiriba lini?" Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni ya mlango na kibuyu chake mapajani. Aliniona nikisiriba. Aliniona nikikoka jiko. Nilimtazama, yeye akatazama kibuyu. Nikasema, "Kesho yake baada ya Jerotich kuondoka." Njuguna akauliza tena, pole pole, "Una uhakika, Mama? Maana rangi ya mafuta haina msamaha." Nikasema, "Mimi ndiye nilisiriba ama ni wewe?" Na Jerotich, ambaye hakuwahi kunitetea hata siku moja, siku hiyo akanitetea. "Njuguna, umekuja kupaka ukuta ama kuuposa? Fungua debe." Mama mkwe akaingiza kijiti ndani ya kibuyu akaendelea kusugua. Ningeweza kusema. Nilikuwa na muda wa yule mtu kufungua debe mbili, kukoroga, kufunga kitambaa kichwani. Nilirudi jikoni nikachambua mboga.

Ilipendeza, nisidanganye. Nilisimama mbele ya ule ukuta jioni nikaona kivuli cha uso wangu ndani yake, kama maji. Jerotich alikuwa anacheza peke yake katikati ya chumba, anageuka na ile nguo mpya, ukuta unamrudishia rangi ya nguo. "Bibi ya Kiprono, kuja uone," aliniita. "Sema ukweli. Ulishawahi kuona kitu kama hiki kwenu?" Nikasema sijawahi. Hilo tu ndilo neno la kweli nililomwambia wiki ile.

Wakaja asubuhi na mapema, watu kumi na tisa, baridi inakata masikio. Dirisha likafungwa, mlango ukafungwa kama ilivyo desturi mazungumzo yakianza, jiko la chai ndani, pumzi za watu ndani. Jerotich amefichwa chumbani kama ipasavyo, na kwa sababu hakuna mwingine wa kupeleka chai, nikapeleka mimi, na mikono yangu. Nilipoingia na birika mara ya kwanza, ukuta ulikuwa umeanza kutoa jasho. Matone madogo, mtu angedhani ni urembo. Mara ya pili, rangi karibu na kabati ilikuwa imevimba kama malengelenge ya mtu aliyeungua. Wazee walikuwa wanaulizana koo, wanaitikia, mambo yanaenda vizuri, hata Kiprono alikuwa anatabasamu. Mzee wao mkubwa, aliyevaa koti jeusi la kanisani, alikuwa ameegemea ukuta tangu asubuhi. Akaitwa asimame aombe. Akasimama, ukuta ukasimama naye. Nasema nilichokiona: rangi ilikuwa imemganda mgongoni, ikabanduka kipande kikubwa kama ngozi ya mbuzi, ikaja na udongo, na udongo ule mbichi ukaporomoka juu ya meza, ndani ya vikombe, juu ya magoti ya wageni. Na harufu. Ilikuwa imefungiwa mle ndani siku tatu, sasa ikatoka yote mara moja. Halafu senge wa Philip, yaani shangazi yake, mama mnene mwenye miwani, akapangusa sketi yake kidole kwa kidole akasema, "Eeh. Kumbe ndivyo nyumba hii ilivyo. Juu krimu, chini mavi. Na msichana naye?" Kuna waliocheka. Mzee wa koti hakucheka. Yeye alikuwa anatazama udongo ulio ndani ya kikombe chake. "Udongo huwaangukia watu wanaozika," alisema, "si wanaopatana." Wakachukua fimbo zao. Chakula kilibaki kwenye sufuria, mbuzi mzima. Kupitia pazia la chumbani nilimsikia Jerotich akiita, sauti ndogo, "Mama? Mama, ni nini? Wanaenda wapi?"

Kesho yake Njuguna alikuja mwenyewe. Alikuwa amesikia senta, akaja kwa baiskeli yake na ngazi imefungwa kando, aone kosa liko wapi arekebishe. Mtu mwenye hatia haji na ngazi. Kiprono alimtandika kofi kabla hajaegesha. "Ulichanganya nini kwa rangi? Uliuza nusu, sivyo? Nyinyi watu mmetuzoea." Njuguna aliokota kipande cha ukuta pale mlangoni, akakivunja, akanionyesha mimi katikati yake, mbichi, bado kuna majani ambayo ng'ombe alikula. "Mama," alisema, damu iko kwenye jino, "waambie siku uliyosiriba. Siku tu. Sitaki kitu kingine." Wote wakanigeukia. Jerotich alikuwa amekaa chini na ile nguo mpya, hajaivua tangu jana. Nikasema, "Nilishasema." Njuguna akamgeukia mama mkwe. "Na wewe, Mama mzee?" Mama mkwe akasema, "Mimi nimezeeka. Siku zote naziona sawa." Kiprono akachukua baiskeli, akachukua ngazi na brashi, akamwambia aende na miguu ashukuru. Alienda. Hakugeuka kutukana, hiyo ndiyo ilinikasirisha. Miezi miwili baadaye alifunga duka lake, kwa sababu hakuna mtu wa pale aliyetaka tena nyumba yake iguswe na fundi anayebandua koito. Nasikia alihamia Burnt Forest akawa anauza viazi. Sikuwahi kwenda kumtafuta. Nimepita Burnt Forest mara nyingi sana, na kila mara nilitazama upande mwingine wa barabara.

Watu wa Philip walileta jibu kwa mdomo wa mtu mwingine, kabla ya mavuno: kijana amepata kwingine. Jerotich alianza kukonda. Tulikwangua zile kuta pamoja, yeye na mimi, kwa majembe yasiyo na mpini, rangi inatoka kwa maganda na kuingia chini ya kucha. Siku moja aliacha kukwangua, akaniegemeza kichwa begani, mimi wa harufu ya ukuta, akalia mpaka blauzi yangu ikalowa. "Wote wamenicheka," alisema. "Wewe peke yako hukunicheka. Nilikutesa bure, Salina." Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina langu. Mngetaka niseme moyo ulinivunjika. Haukuvunjika. Nilimpapasa mgongo nikawaza, sasa mwalimu hatakuja. Basi. Kuvunjika kulikuja miaka mingi baadaye, tena kidogo kidogo, kila alipomwambia mtu, "Huyu si wifi, huyu ni dada yangu." Hakuolewa. Alizeeka kwenye nyumba ndogo hatua thelathini kutoka mlango wangu, akawabeba watoto wangu mgongoni wote sita, akamfundisha Chepkemoi kusoma. Kwa mazishi mhubiri alisema hajawahi kuona mawifi wakipendana hivyo, na mbele ya kaburi niliombwa niongee. Niliongea vizuri. Watu walilia.

Sasa niseme ya mama mkwe, maana mwaka ule ulikuwa wake kuliko wetu. Mahindi yalipoingia ghalani, alituita sote, Kiprono, Jerotich, na majirani wawili wawe mashahidi, akafungua kitambaa kiunoni akatoa ufunguo wa ghala. Akaniwekea mkononi. "Kuanzia leo nyumba hii iko kwa huyu," alisema. "Asiletwe mwingine juu yake." Kiprono akainamisha kichwa. Nilikuwa nimepata. Kila kitu nilichokiogopa mwaka mzima kilikwisha kwa maneno mawili ya mwanamke mzee, na nilifunga mkono juu ya ule ufunguo mpaka meno yake yakaniacha alama.

Walipotoka akaniambia nibaki. "Ulisiriba siku kumi tu kabla ya rangi," alisema. Nilitaka kuongea, akainua kidole. "Nilinyamaza kwa sababu nilifikiri rangi itaharibika kidogo, Jerotich aone aibu, apunguze mdomo. Halafu nikanyamaza tena, fundi alipokuja, kwa sababu nilitaka kuona kama utasema. Yule mtu alikuonyesha damu. Hukusema." Nikamuuliza, "Sasa mbona umenipa ufunguo?" Akanitazama kama mtu anayetazama mvua ikija na nguo ziko nje. "Nifanye nini? Binti yangu hana mume. Nimwache mwanangu pia hana bibi? Jerotich hawezi kushika boma, moyo wake ni mwepesi. Wewe unaweza. Wewe ndiwe utanizika, na ni sawa. Nilitaka tu kujua naishi na nani, na sasa najua." Halafu akanyoosha mkono kwa kikombe cha maziwa nilichomletea, akakiinua, akakishusha. Akanisogezea. "Onja," alisema.

Nikaonja. Akangoja, akatazama koo langu mpaka nikameza, ndipo akanywa. Aliishi miaka ishirini na mbili baada ya siku hiyo. Hakuwahi kunitukana, hakuwahi kumwambia mtu siri yangu, alinisifu kwa wageni mpaka nikaona haya. Na hakuna chai, hakuna uji, hakuna kipande cha ugali kutoka mkononi mwangu alichokula bila mimi kuonja kwanza mbele yake. Watoto wangu walidhani ni desturi ya heshima, wakaiga. Asubuhi aliyokufa alikuwa hawezi tena kuinua mkono wala kusema. Nilimkalisha, nikachota uji kwenye kijiko, nikampelekea mdomoni, nikijiambia leo ataupokea tu. Alifunga midomo. Macho yake yakatoka kwenye kijiko yakaja kwangu, yakangoja.